Mshipa Nyuma ya Kifundo cha Mguu

Mke wangu ndiye aliyenusa kwanza. Nilikuwa nimeketi jikoni, katika nyumba yetu ya Butembo, nimeielekeza miguu yangu kwenye mbabula, lile jiko dogo la makaa ambalo huku kwetu hupika chakula na kuwapasha watu joto kwa wakati mmoja. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, majira ambayo ukungu huteremka vilimani na kulala juu ya mabati hadi saa nne. Redio ilikuwa ikisoma habari. Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe karibu na mlango.

"Kitu gani inaungua?" aliuliza.

"Makaa hayajashika vizuri," nilijibu.

"Makala hainukake sawa nguo." Akainua kichwa. "Muzee! Ni soksi yako! Toa muguu!"

Niliuondoa mguu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu jeusi upande wa kidole gumba, na nyuzi zilizoyeyuka zilikuwa zimeganda pembezoni mwake. Niliivua, nikaukagua mguu. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo, iking'aa. Niliibonyeza kwa ncha ya kalamu. Sikusikia chochote.

Nilifundisha fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa "banasema" nilimkatiza hapo hapo: nani anasema, aliona nini, alipima kwa chombo gani? Wengi waliniogopa kwa hilo, na sikuona haja ya kujirekebisha. Basi asubuhi ile nilijenga hoja yangu kama ubaoni. Anayeungua huumia. Mimi siumii. Kwa hiyo sikuungua. Iliyoungua ni soksi. Niliomba nyingine, nikarudi kwenye habari.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wakati huo sikuwa nimemweleza mtu. Nilikuwa na kisukari kwa miaka minane. Vidonge nilivimeza kwa saa yake, na siku ya kupima damu sikuikosa hata mara moja. Lakini miguu haikuwamo katika mazungumzo yangu na madaktari. Mwanzoni ilikuwa ikinichoma nilalapo, kana kwamba siafu wanapita chini ya ngozi; kisha, mwaka mmoja hivi kabla ya asubuhi ya soksi, siafu hao walitoweka. Nilifurahi, nikahesabu kwamba miguu imepona. Kulikuwa pia na jambo la pili. Nikipanda kilima kutoka sokoni, nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ilikaza kama iliyofungwa kamba, nikalazimika kusimama. Nilisimama mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi, nikijifanya natazama misumari na mabomba, hadi maumivu yapungue. Wenye maduka walifikia hatua ya kuniuliza nyumba ninayoijenga iko mtaa gani.

Siku ya tatu lengelenge lilitokea kwenye kidole; siku ya tano likapasuka. Nilikifunga kidole kwa kitambaa safi, nikavaa kiatu. Mke wangu alitaka twende kwenye kituo cha afya. Jirani yetu, mama muuza makaa, alikuwa na maelezo yake tayari.

"Préfet, iyo haiko moto. Ulikanyaga kitu. Batu banategaka dawa kwa njia."

"Nani anatega?"

"Batu."

"Watu gani? Uliwaona?"

"Kama ningebaona, bangetega tena?" alijibu, na mke wangu akacheka hadi akaweka ungo chini.

Hayo ya dawa za njiani niliyakataa bila kutaabika. Lakini uvumi wa pili haukunitoka: kwamba mguu wenye kidonda ukiingia hospitalini hautoki. Huu nilijiaminisha kwamba haukuwa uvumi, kwa sababu nilikuwa nimewaona walimu wenzangu wawili wakiingia kwa miguu na kutoka kwa magongo. Sikujiuliza walikuwa wamekaa nyumbani na vidonda vyao kwa muda gani kabla ya kuingia.

Siku ya kumi na moja tulishuka Beni. Mwanangu anaishi huko; hununua kakao mashambani na kuwauzia wenye magari makubwa. Binti yake wa kwanza, mjukuu wetu, alikuwa apokee komunyo ya kwanza Jumapili. Mwanangu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kamango kutafuta kakao, akakwama huko kwa kuwa risasi zilisikika njiani na barabara ikafungwa. Wengine walisema itafunguliwa Jumatatu, wengine Alhamisi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Aliyetupokea ni mke wake, ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja cha komine ya Ruwenzori, wilaya mojawapo ya mji huo.

Katika ukoo wetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hanipi kikombe mkononi: anakiweka mezani, anarudi nyuma hatua moja, nami nakichukua. Mimi siingii jikoni kwake. Yeye haoni mguu wangu ukiwa wazi. Akiwa na neno zito la kuniambia, humpitishia mke wangu, hata tukiwa sote katika chumba kimoja. Kwa miaka kumi na miwili tuliishi hivyo bila kosa. Mimi niliyewasumbua watoto wa watu kwa swali la nani anasema, sikuwahi kuuliza ni nani aliyesema hili.

Misa ilikuwa ndefu. Beni iko chini kuliko Butembo na ina joto zito. Mguu wangu ulikaa ndani ya kiatu cha ngozi tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, nikiwa nimesimama muda mwingi, kwa kuwa sipendi wazee wanaoketi wakati wa Injili. Tuliporudi nyumbani mkwe wangu alileta beseni la kunawa, akaliweka juu ya kigoda mbele yangu. Kisha hakuondoka. Alikuwa akitazama sakafu.

"Mama," alimwambia mke wangu, "umuulize Papa kama kiatu haimukaze."

"Anauliza kama kiatu inakukaza."

"Mwambie hakinikazi."

"Anasema hapana."

"Mama, umwambie Papa aangalie nyuma yake."

Niligeuka. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu, juu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi, palikuwa na nyayo za mguu mmoja. Kiatu cha kushoto hakikuacha kitu. Cha kulia kilikuwa kimeacha doa la majimaji kwa kila hatua, upande wa mbele, mahali soli inaposhonewa.

Mke wangu alipiga magoti, akafungua kamba. Kiatu kilipotoka, harufu ilijaza chumba kabla hajaigusa soksi. Mjukuu wetu, ambaye bado alikuwa na gauni lake jeupe, aliambiwa atoke nje. Ncha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, kama mkaa uliozimwa kwa maji. Kidole cha pili kilikuwa na rangi ya bilinganya. Na chini, kwenye unyayo, palikuwa na shimo ambalo mimi sikuwahi kuliona, kwa kuwa sikuwahi kugeuza unyayo wangu nikautazama.

"Mungu wangu," alisema mke wangu. "Na uko natembea nayo! Na uko nasimama kwa misa sawa askari!"

"Hainiumi."

"Njo ile inaniogopesha, Papa," alisema mkwe wangu.

Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami moja kwa moja kuhusu mwili wangu. Nadhani sote watatu tulilitambua hilo.

Alieleza, huku akimtazama mke wangu, kwamba kesho yake, Jumatatu, daktari wa upasuaji angekuwepo hospitalini, na kwamba kidonda hakikuweza kungoja Jumanne. Lakini hata kwa usiku mmoja hakikupaswa kubaki kilivyo. Kilihitaji kuoshwa sasa, na nyama iliyolegea iondolewe. Swali likawa ni nani wa kuifanya kazi hiyo. Mke wangu ana macho mabovu. Mimi nilisema tumngoje mwanangu. Tukampigia simu. Sauti yake ilikuja ikikatika, kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

"Papa, njia bado imefungwa! Acha mama ya batoto akuangalie. Ni kazi yake!"

"Ni kazi yake kwa watu wengine."

"Papa, na weye ni mutu!"

Laini ikakatika. Mke wangu alisema kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtoto huyo alikuwa amesema jambo lenye maana.

Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika sanduku lake la kazi. "Mama," alisema polepole, "umwambie Papa nitavaa gants. Ngozi yangu haitagusa ngozi yake. Itagusa mpira."

Nililifikiria hilo la glavu. Kati ya vitu viwili kukiwa na kitu cha tatu, viwili hivyo havigusani. Hilo nililifundisha mwenyewe. Nilikubali, kwa sharti kwamba nitatazama ukutani. Mke wangu alinong'ona kwamba ukuta huo ulikuwa na bahati, lakini mimi sikucheka.

Nilitazama ukutani. Palikuwa na picha ya harusi yao na kalenda ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilisikia maji yakimiminwa, mkasi ukifungwa na kufunguliwa, pumzi ya mkwe wangu. Baada ya kuosha alisema anataka kunipima: atanigusa mahali mbalimbali kwa ncha ya uzi mgumu wa kuvulia samaki, nami kila nikisikia niseme ndiyo. Nilijiweka tayari. Nilingoja. Nilihesabu pikipiki nne zikipita barabarani. Hatimaye nilimwambia mke wangu amwulize anangoja nini, kwa nini haanzi.

"Nimeisha maliza, Papa," alisema mkwe wangu. "Nilikugusa mara kumi."

Miaka yote niliwakataa mashahidi wa watu wengine, nikamwamini mmoja tu, mwili wangu, kwa sababu alikuwa wangu. Shahidi huyo alikuwa kiziwi. Niliugeuzia ukuta mgongo, nikautazama mguu, na mkwe wangu hakulipinga hilo.

Asubuhi tulikwenda hospitalini kwa pikipiki mbili, mguu wangu ukiwa umefungwa kama mtoto mchanga. Daktari alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa, mzaliwa wa mbali, upande wa mtoni, ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kilingala na Kifaransa. Aliingiza kijiti cha chuma ndani ya lile shimo la unyayo. Sikusikia maumivu, ila nilisikia mlio: chuma kikigonga kitu kigumu.

"Ni mufupa," alisema. "Kilonda imefika kwa mufupa."

Kisha akaweka vidole vyake juu ya mguu wangu, akatulia. Akavihamisha nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Akatulia tena, kwa muda mrefu zaidi. Mguu ulikuwa umevimba na ulikuwa baridi. Aliulinganisha na wa kushoto kwa kiganja.

"Papa, nikuambie kweli," alisema. "Kidole hii imekufa, nitaitoa. Hiyo si shida. Shida ni damu. Kama damu inafika kwa muguu, nitatoa bidole mbili na kilonda itapona. Kama damu haifike, nitatoa bidole, kilonda itakataa kupona, kisha nitakata tena, na tena. Hapo ni muzuri kukata mara moja."

"Wapi?"

Alichukua kalamu ya wino mfukoni, akachora mstari kuzunguka mguu wangu, upana wa kiganja kimoja chini ya goti. Aliuchora bila haraka, kama fundi anayepima ubao.

"Na unajuaje kwamba damu haifiki?" niliuliza.

"Mushipa haipige. Sisikie kitu."

"Kutousikia si uthibitisho kwamba haupo."

Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya darasani, na papo hapo yakanirudia. Kule jikoni Butembo nilikuwa nimejenga hoja ile ile aliyoijenga yeye: sisikii, kwa hiyo hakuna. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mnyofu wa kutosha kukiri.

"Hiyo ni kweli, Papa," alisema. "Iko mashine ya kusikiliza mushipa, mais hapa hatuna. Tuko na bidole tu. Na bidole yangu haisikie." Alitoa karatasi ya ridhaa, akaiweka juu ya mapaja yangu pamoja na ile kalamu. Paliandikwa: chini ya goti, mguu wa kulia. "Niko na mugonjwa kwa salle ya operesheni. Nitarudi nyuma ya robo saa. Usaini, ama ukatae. Mais usingoje kesho. Microbe haingojake."

Alipogeuka kwenda, mkwe wangu alisema kwa sauti ya chini, "Docteur. Jana wakati wa pansement, nikisafisha kilonda, nilisikia kitu nyuma ya kifundo. Kidogo sana. Sina hakika, nilikuwa na gants."

"Mushipa ya vile, na gants? Haiwezekane. Toa gants, utafute."

Hakusogea. "Ni baba ya bwana yangu."

"Et alors? Basi nini?"

Mke wangu alijaribu kumweleza. Daktari alisikiliza nusu, akatutazama sote watatu mmoja mmoja, akasema kwamba huko kwao pia kuna mambo, lakini huko kwao pia mguu ukikatwa hauoti. Akaondoka.

Karatasi ilikuwa juu ya mapaja yangu. Niliisoma mara mbili, kama nisomavyo kila kitu kabla ya kutia sahihi. Haikuwa na kosa hata moja. Niliutazama ule mstari wa buluu, kisha nikautazama mguu ulio chini yake: ugoko, kovu la ujanani nililolipata nikikata miti, kifundo kilichovimba, vidole viwili vilivyokufa na vitatu vilivyo hai. Kama nisingesema neno, vyote vingekwenda pamoja. Mkwe wangu alikuwa amesimama penye dirisha na mikono yake ndani ya glavu mpya, ameifumbata kifuani ili isiguse kitu.

Nilifahamu kwamba hangenisogelea mwenyewe. Si kwa kukosa ujasiri. Alikuwa akilinda heshima yangu, kama nilivyomtaka afanye siku zote, na ni mimi peke yangu niliyeweza kumruhusu aiache.

"Mama," nilimwambia mkwe wangu. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo bila kupitia kwa mtu. Ndivyo huku kwetu mzee anavyomwita binti yake. "Toa gants."

"Papa, kisha tutaangaliana namna gani kwa nyumba?"

"Kwa macho."

Alimtazama mke wangu, akingoja kauli yake.

"Toa, mwanangu," alisema mke wangu. "Kama muguu ikiisha, mimi njo nitamubeba kwa mugongo? Muzee uyu ako na kilo makumi munane, na hizo ni mbele ya kula!"

Mkwe wangu alivua glavu. Aliosha mikono, akaikausha, kisha akaisugua kwa nguvu, kiganja kwa kiganja, ili iwe na joto. Alipiga magoti kando ya kitanda. Akaweka vidole vitatu nyuma ya kifundo changu, upande wa ndani, mahali ambapo mfupa unaacha bonde dogo kabla ya kano la kisigino. Akafumba macho.

Mkono wake niliuona, sikuusikia. Niliona vidole vikishuka kidogo, vikipanda, vikibonyeza na kulegea. Muda ulikwenda. Nje, mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa. Sikupumua vizuri, nikihofu kwamba pumzi yangu ingevuruga kipimo. Mara vidole vyake vikaacha kutembea, na midomo ikaanza kucheza bila sauti.

"Iko," alisema. "Papa, iko. Inapiga."

Mke wangu alianza kumshukuru Bikira Maria. Nilimnyamazisha kwa mkono.

"Huenda unasikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe," nilisema. "Mtu akibonyeza sana hujisikia mwenyewe. Utatofautishaje?"

Sikulisema ili kumvunja moyo. Mguu ule ulikuwa umeponzwa na kipimo kibovu, nami sikutaka uokolewe kwa kipimo kibovu kingine, kisha ukatwe mara tatu. Alinielewa. Bila kufumbua macho, alinyoosha mkono wake wa kushoto, akanishika kifundo cha mkono, mahali pa mapigo. Sasa alikuwa amenishika kwa mikono yote miwili. Tulikaa hivyo, yeye akisikiliza sehemu mbili za mwili wangu kwa pamoja.

"Mukono inapiga, na muguu inapiga," alisema polepole. "Mukono. Muguu. Zinaenda pamoja, Papa. Yangu mimi inakimbia. Niko naisikia kwa masikio. Iyi iko pole. Iyi ni yako."

Hilo lilikuwa jibu ambalo ningempa alama zote.

Nilimpa ile kalamu. Akachora msalaba mdogo mahali hasa vidole vyake vilipokuwa. Daktari aliporudi aliitazama kwanza karatasi isiyo na sahihi, uso wake ukakunjamana. Kisha akauona msalaba. Hakuuliza. Aliketi, akaweka kidole chake juu ya wino, akauchukua mkono wangu kama alivyofanya mkwe wangu. Niliutazama uso wake tu.

"Iko chini sana," alisema mwishowe. "Mais iko." Alimgeukia mkwe wangu. "Mama infirmière, bidole yako ni muzuri kupita yangu."

Alichovya pamba katika spiriti, akaufuta ule mstari chini ya goti. Haukutoka wote. Akaandika karatasi nyingine: vidole viwili, pamoja na kichwa cha mfupa ulio nyuma yake. Alinionya kwamba hatoi ahadi. Kwamba mshipa kupiga ni jambo moja, na damu kufika kwenye nyama ni jambo jingine, nalo lingejulikana tu wakati wa kukata. Kama nyama ikikatwa na kubaki kavu, angesimama, nasi tungerudi kwenye ile karatasi ya kwanza. Nilitia sahihi.

Kidonda kile kilichukua miezi mitano kufunga. Miezi yote hiyo niliishi Beni, na kila asubuhi mkwe wangu aliukagua mguu wangu juu na chini kabla ya kwenda kazini. Na mwanangu, alipofika kutoka Kamango akiwa na vumbi la njia hadi kwenye kope, alitukuta hivyo, akabaki mlangoni hajui aangalie wapi, hadi mama yake alipomwambia achukue beseni akamwage maji. Leo natembea kwa fimbo, na kiatu changu cha kulia kimejazwa mbele.

Lakini Jumatatu ile, mchana, hatukuwa na hakika ya lolote. Walinichoma sindano mgongoni, nusu ya mwili wangu ikaondoka, na kitambaa cha kijani kikatundikwa mbele ya kifua ili nisione. Juu ya ukingo wake niliona kofia ya daktari tu. Nilisikia chuma kikiwekwa juu ya chuma. Nilisikia kitu kikianguka ndani ya bakuli, kisha kingine. Kisha kofia ile ikainama.

"Docteur," niliuliza, "kuna nini?"

Kofia haikuinuka.

"Docteur. Ni pakavu?"

"Ngoja, Papa."

Nilingoja. Kofia ikainuka, na juu ya kitambaa cha kijani ukatokea mkono wenye glavu, umeshika kipande cha shashi. Kilikuwa kimelowa damu nyekundu, mbichi, inayotiririka hadi kwenye kiganja chake.

"Inatoka," alisema daktari. "Angalia mwenyewe."

Nilitazama. Kisha nikamwomba akiinue tena kidogo, kwenye mwanga, nione vizuri.